Kompyuta Isiyowaka Mpaka Wote Wajibu

CHAMA CHA WASAFIRISHAJI NA WAFANYABIASHARA WA MPAKANI, KASESE NA BWERA
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA CHA KAMATI KUHUSU KUCHELEWA KWA KOMPYUTA

Tarehe: Ijumaa, 13 Machi 2026
Mahali: Ofisi ya chama, Bwera, chumba cha nyuma. (Chumba cha mbele kina magunia ya maharage ya mjumbe ambaye ameshaombwa ayaondoe.)
Muda: Kikao kiliitishwa saa nane mchana. Kilianza saa kumi.

WALIOHUDHURIA
1. Haji Twaibu, Mwenyekiti. Mwenye malori, Nyamwamba
2. Bi. Saudah, Katibu
3. Bw. Kataliko, msimamizi wa uwanja wa malori
4. Bw. Hamim, mjumbe, mfanyabiashara wa nyanya, Nyakiyumbu
5. Bi. Martine, mjumbe wa wafanyabiashara kutoka Kongo

ALIYEALIKWA
Bw. Shafic, fundi wa kompyuta, Kasese

WALIOKOSEKANA
1. Bi. Enid, Mweka Hazina. Alipiga simu kwamba amekwama Hima nyuma ya malori ya saruji.
2. Bw. Katembo, mjumbe, dereva. Njiani.

KUMB. NA. 1/3/2026: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa dua, na Bi. Martine akaongeza sala fupi kwa niaba ya wajumbe Wakatoliki. Mwenyekiti alikumbusha kwamba Waislamu wamo katika Ramadhani na Wakatoliki wamo katika Kwaresima, kwa hiyo mezani hakutakuwa na chai, na akawaomba wajumbe wafupishe maneno. Wajumbe wote waliafiki. Hakuna aliyefupisha.

Ili kila mmoja ajionee tatizo kwa macho yake, Katibu aliagizwa awashe kompyuta papo hapo. Iliwashwa. Ndiyo sababu kumbukumbu hizi zimeandikwa kwa mkono.

KUMB. NA. 2/3/2026: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Kumbukumbu za Februari hazikusomwa kwa kuwa zimo ndani ya kompyuta. Bw. Hamim alipendekeza zithibitishwe hivyo hivyo. Bw. Kataliko alipinga, akasema kwamba mara ya mwisho mambo yalithibitishwa bila kusomwa, na ndipo alipojikuta amepewa kazi ya kusimamia choo cha uwanja bila kuulizwa. Jambo hili liliwekwa kando mpaka kompyuta iwake.

KUMB. NA. 3/3/2026: YATOKANAYO: KUFUKUZWA KWA MPANGA-FOLENI

Mwenyekiti alieleza, kwa faida ya wasiokumbuka, kwamba kompyuta ndiyo inayochapa karatasi ya foleni ya malori kila asubuhi, na kwamba bila karatasi hiyo hakuna lori linaloondoka uwanjani bila ugomvi. Tangu betri ya ofisi ife na umeme uwe wa kukatikakatika, kompyuta hulazimika kuwashwa upya kila mara, na kila ikiwashwa huchukua muda ambao mtu angeweza kwenda Mpondwe kwa miguu, akanunua kitu na kurudi.

Katika kikao cha Januari fundi alionyesha kwamba mstari wa mwisho kuonekana kwenye skrini kabla ya kile kimya kirefu ni wa mpanga-foleni wa diski, programu iliyo ndani ya kompyuta. Kikao kikaazimia kwamba mpanga-foleni huyo aondolewe na awekwe mwingine. Februari ilionekana kwamba wa pili naye anachelewesha vile vile, akaondolewa pia. Kwa sasa kompyuta ina mpanga-foleni wa tatu.

Bw. Hamim alirudia tuhuma yake kwamba mpanga-foleni, awe wa kwanza au wa tatu, anawapendelea watu wa ng'ambo, kwa sababu siku kompyuta ikichelewa malori ya Kongo hayaharibikiwi na kitu. "Yao ni mafuta na vitenge. Yangu ni nyanya. Nyanya haijui kungoja," alisema.

Bw. Kataliko alisema kwamba maneno hayo yamemlenga yeye, maana mpanga-foleni wa uwanja ni yeye na ng'ambo ndiko kwao. Bw. Hamim alisema hakumtaja mtu. Bw. Kataliko alisema hakutajwa lakini alitazamwa. Mwenyekiti aliwaagiza wote wawili watazame mbele.

Kompyuta ilikuwa bado.

KUMB. NA. 4/3/2026: MAELEZO YA FUNDI

Mwenyekiti alimkaribisha Bw. Shafic kwa maneno haya: "Wewe Shafic, sema maneno fupi. Watu iko na njaa."

Bw. Shafic alieleza kwamba kompyuta ikipata umeme, kitu cha kwanza kuamka ni kerneli, yaani programu ya ndani kabisa inayoziamrisha nyingine zote. Kerneli huwaamsha watumishi wake mmoja mmoja, na kila aliyeamka huandika mstari kwenye skrini kwamba yuko tayari. Mpanga-foleni wa diski ni mmoja wao. Programu nyingi zinapotaka kusoma au kuandika kwenye diski kwa wakati mmoja, yeye ndiye huamua ipi itangulie na ipi ikae pembeni.

Alikiri kwamba Januari alikosea kumshuku. Alimlaumu kwa sababu yeye ndiye wa mwisho kusikika kabla ya kimya. Safari hii alipima hatua kwa hatua, akakuta kwamba mpanga-foleni huandaliwa kufumba na kufumbua. Akishaandika mstari wake hana kosa tena. Amefika kazini mapema, amekaa kwenye benchi, anangoja foleni ambayo haijafika.

Mwenyekiti aliuliza kama ni kweli basi kwamba kamati hii imewafukuza wafanyakazi wawili wasio na hatia, tena bila kuwasikiliza. Bw. Shafic alisema ndiyo, Haji. Katibu aliuliza kama inafaa waandikiwe barua ya kuombwa radhi. Bw. Kataliko alicheka kwa mara ya kwanza tangu Januari.

Alipoulizwa kimya kile basi ni cha nini, Bw. Shafic alieleza kwamba baada ya mpanga-foleni kuwa tayari, kerneli huanza kuita diski. Diski ya ndani hujibu mara moja. Ya pili haijibu. Kerneli huiita, hunyamaza, huiita tena, na haisogei hatua moja mpaka ichoke kabisa. Umeme ukikatika kabla haijachoka, huanza kuita upya.

Bw. Hamim aliuliza: "Hiyo diski ya pili ni ya nani?"

Bw. Shafic alisema ni ile ya kubebwa mkononi, ya Bw. Katembo.



KUMB. NA. 5/3/2026: DISKI YA KATEMBO

Mwenyekiti alitaka kujua ni nani aliyeiagiza kompyuta imngoje Katembo. Bw. Shafic alisema kwa heshima kwamba ni kamati.

Wajumbe waliosalia walikana. Bw. Kataliko hakukana. Alieleza kwamba zamani Bw. Katembo alikuwa akija na diski kutoka Butembo kila wiki, ndani yake mna orodha ya mizigo yote ya upande ule. Siku moja kompyuta iliwashwa kabla hajafika, ikachapa karatasi nusu, malori ya Butembo yakakosa nafasi, na watu wakapigana mpaka askari wakaja. Kamati ikaazimia kwamba kompyuta ifuate desturi ya uwanja: isiondoke mpaka wote wajibu. Fundi akaiandikia kerneli hivyo. Wakati ule haikuonekana kuwa shida, kwa sababu betri ilikuwa nzima na kompyuta ilikuwa haizimwi hata Katembo akiwa safarini.

Kwa kuwa kumbukumbu hizi zinaweza kusomwa na wasio wa uwanja, Katibu anaeleza desturi yenyewe. Kabla malori hayajaondoka, msimamizi huita majina ya madereva wote. Aliyepo huitika. Aliye safarini, mtu wake au yeyote mwenye lori uwanjani humjibia: "Iko njiani." Akijibiwa hivyo nafasi yake haiguswi na mtu, hata ikae wazi mwezi mzima. Jina likiitwa mara tatu na pasiwe na wa kulijibia, linafutwa, na wa nyuma anasogea. Hivi ndivyo tulivyofanya tangu zamani, na hata kikao cha kamati hakifungwi kabla majina ya safari ya kesho hayajaitwa.

Bw. Katembo aliondoka na lori la saruji kuelekea Butembo kabla ya Krismasi. Simu yake haipatikani. Walioulizwa Beni wanasema alipita, na walioulizwa mbele ya Beni wanasema hawakumwona. Kila asubuhi tangu wakati huo Bi. Martine, ambaye ni mke wake, huja uwanjani kabla hajafungua duka na humjibia. Nafasi ya Katembo ni ya kwanza, ile iliyo chini ya bati karibu na lango. Nafasi ya pili ni ya lori la Bw. Hamim, na iko juani.

Bw. Hamim alipendekeza diski ya Katembo ifutwe kwenye kompyuta leo hii. Alisema chama hakiwezi kuendeshwa na mtu asiyekuwepo. Alisema kila siku anamwaga nyanya mtaroni, wafanyakazi wake wanamcheka, na nafasi yenye kivuli imekaa tupu mbele ya macho yake wakati mzigo wake unaiva na kupasuka. Kisha alitamka neno kuhusu wafu, ambalo Mwenyekiti aliagiza lisiandikwe. Halikuandikwa.

Bi. Martine alisimama. Alisema: "Papa Hamim, mi nasikia nyanya yako. Lakini mutu hapana kufuta jina ya bwana yangu nikiwa hapa. Iko njiani. Kama unajua ingine habari, unipatie leo, mbele ya hawa batu."

Bw. Hamim alisema hana habari yoyote. Bi. Martine alisema basi akae. Alikaa.

Bw. Kataliko alimuunga mkono Bi. Martine, akasema shofere akifutwa akiwa safarini, kesho hakuna shofere atakayekubali kwenda. Bw. Hamim alisema hazungumzii dereva, anazungumzia diski. Bw. Kataliko alisema ni kitu kimoja. Bw. Shafic alisema si kitu kimoja. Hakuna aliyemsikiliza, na Katibu hakuweza kuandika yote yaliyofuata kwa sababu yalisemwa kwa pamoja, mengine kwa Lhukonzo.

Mwenyekiti aligonga meza. Alisema amechoka, na kwamba tangu Januari hakuna kikao alichokimaliza bila kuumwa kichwa.

Hapo skrini ilibadilika rangi, dalili kwamba kompyuta imekaribia kufunguka. Wajumbe walisogeza viti. Umeme ukakatika.

KUMB. NA. 6/3/2026: UAMUZI

Umeme ulirudi baada ya muda mfupi. Katibu aliwasha tena. Mistari ilipita, ukaja ule wa mpanga-foleni, kisha kimya. Wajumbe walikaa wakiitazama. Ilikuwa imebaki saa moja na kitu kabla ya kufuturu na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kugombana.

Bw. Shafic aliomba kusema na safari hii alisikilizwa. Alisema kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuifuta diski ya Katembo kabisa, kompyuta isiijue tena. Ya pili ni kuliacha jina lake mahali pake lakini kuondoa kungoja: kerneli itaita mara moja, isipojibiwa itaandika kwamba diski haikupatikana, na kuendelea na kazi. Siku diski itakapochomekwa, iwe kesho au mwakani, itatambuliwa na kupokelewa.

Bw. Hamim alisema anataka ya kwanza, kwa sababu jina likibaki kuna siku mtu atakuja kurudisha kungoja. Bw. Kataliko alisema hataki hata moja. Mwenyekiti alisema itapigwa kura, na yeye atafuata wengi, na Mungu atamsamehe.

Kabla kura haijapigwa, Bi. Martine aliomba nafasi. Alikuwa bado anaitazama skrini. Maneno yake Katibu aliyaandika kama yalivyosemwa (ordinatere ni kompyuta), na aliyasoma tena kwa sauti ili ahakikishe:

"Mi najua hii kazi. Inaamuka, inamuita, inanyamaza. Inamuita tena. Asubui ni vile, magaribi ni vile. Inachokesha sana. Muiache ordinatere ifanye kazi yake. Mwenye aliolewa na Katembo ni mi, haiko ordinatere. Ya kungoja, mi nitangoja. Lakini jina ibakie."

Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye neno la kuongeza. Hakuwepo. Bw. Kataliko alikuwa ameinamisha kichwa. Kura haikuhitajika.

ILIAZIMIWA: Jina la diski ya Katembo libaki kwenye kompyuta. Amri ya kungoja iondolewe. Mpanga-foleni wa tatu asiguswe.

Bw. Shafic alingoja kompyuta ichoke, kama kawaida, ikafunguka. Aliandika mabadiliko, akaizima, akaiwasha. Safari hii ilifunguka kabla Mwenyekiti hajamaliza kupangusa miwani yake. Katibu alikuwa ameingojea siku hiyo tangu Januari na alidhani atafurahi. Hakuna aliyepiga makofi.

Kwenye skrini ulikuwapo mstari mmoja wa Kiingereza. Bi. Martine aliuliza unasema nini. Bw. Shafic alimwambia: "Unasema diski ya Katembo haikupatikana, naendelea bila yake."

Bi. Martine alisema ni vizuri. Alijifunga kitambaa chake kichwani, akamwambia Mwenyekiti kwamba amechelewa Njia ya Msalaba kanisani, akatoka. Hakusema kama atarudi, na hakuna aliyemuuliza.

KUMB. NA. 7/3/2026: MENGINEYO

(a) Kumbukumbu za Februari sasa zilipatikana na zilisomwa. Bw. Kataliko aliondolewa kwenye usimamizi wa choo. Nafasi iko wazi.

(b) Mwenye magunia ya maharage katika chumba cha mbele aliombwa tena ayaondoe. Alisema amesikia.

(c) Kuhusu betri mpya, Mwenyekiti alisema jambo hilo limngoje Mweka Hazina atoke Hima.

KUMB. NA. 8/3/2026: KUITA MAJINA NA KUFUNGA

Adhana ilikuwa imekaribia na Mwenyekiti alikuwa amekwisha kusimama. Bw. Kataliko alikumbusha kwamba majina hayajaitwa. Mwenyekiti alikaa tena.

Karatasi ya foleni ya kesho ilichapwa papo hapo, bila kuchelewa, na Bw. Kataliko akaisoma akiwa amesimama mlangoni, madereva wakiwa nje uani. Aliita jina la kwanza, kwa kuwa ndilo lililo juu ya karatasi.

"Katembo."

Ndipo wajumbe walipokumbuka kwamba Bi. Martine hayupo. Bw. Kataliko mwenyewe haruhusiwi kujibu, kwa sababu anayeita hajibu, wala Mwenyekiti, kwa sababu ndiye anayeamua ubishi wa foleni. Mwenyekiti alimtazama Katibu, lakini Katibu hana lori wala dereva uwanjani, na kwa desturi jibu lake halihesabiwi. Bw. Kataliko aliita mara ya pili. Mara ya tatu ndiyo ya kufuta, na kalamu ilikuwa mkononi mwake.

"Katembo."

Bw. Hamim alikuwa ameegemea ukuta, tasbihi mkononi, macho kwenye sakafu.

"Iko njiani," alisema.

Bw. Kataliko alimtazama kwa muda. Kisha aliweka alama kwenye karatasi na kuita jina la pili, ambalo ni la dereva wa Bw. Hamim. Dereva aliitika kutoka nje. Majina mengine yaliitwa na yote yalijibiwa.

Nafasi iliyo chini ya bati itaendelea kuachwa wazi. Lori la nyanya litabaki nafasi ya pili, juani.

Wajumbe waliondoka kwenda kufuturu saa moja kamili jioni, na Katibu akaizima kompyuta mwenyewe.

Haji Twaibu ........................................ Mwenyekiti

Saudah ........................................ Katibu